Kusoma bila Picha Akilini

Mwalimu anapowaambia wanafunzi wake, "Fumbeni macho, mlione jua likichomoza baharini," huchukulia kwamba wote wanafanya kitendo kimoja. Sivyo ilivyo. Mwanafunzi mmoja huliona jua hilo kana kwamba liko mbele yake, pamoja na wekundu wake na mwanga uliotandaa juu ya maji. Wa pili huona kivuli hafifu kinachokuja na kutoweka. Wa tatu haoni kitu ila giza la kope zake, ingawa anajua barabara jua ni nini, bahari ni nini, na upambazukio uko upande gani. Huyu wa tatu si mvivu wala si mkaidi. Akili yake inafanya kazi, lakini haifanyi kazi kwa picha.

Hali ya kutoweza kuunda picha akilini kwa hiari huitwa afantasia. Si ugonjwa, wala si upungufu wa akili. Hata hivyo yafaa ijulikane shuleni, kwa sababu masomo mengi hufundishwa kwa amri ya "vuteni picha", na mtoto asiyeweza kutimiza amri hiyo huenda akadhaniwa kuwa hasikilizi, au mwenyewe akajidhania kuwa ni mjinga.

Jaribio la bibo

Katika Kata ya Kinjumbi, wilayani Kilwa, kama ilivyo kwingi katika Mkoa wa Lindi, watoto huujua mkorosho tangu wakiwa wadogo. Mwalimu wa huko anaweza kuanza somo hili kwa swali jepesi: bibo likiwa bado linaning'inia mtini, korosho yake iko upande gani, juu penye kikonyo au chini? Karibu wote watajibu bila kukawia kwamba iko chini. Swali la pili ndilo lenye uzito: umejuaje?

Hapo majibu yatatofautiana. Wengi watasema wameliona bibo akilini, jekundu au la manjano, wakaisoma picha hiyo kama mtu asomavyo ramani. Lakini huenda akatokea mmoja atakayesema: "Sikuona kitu. Ninajua tu." Jibu lake ni sahihi kama la wenzake, ila amelifikia kwa njia nyingine.

Jaribio hili dogo linatenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. La kwanza ni kujua namna kitu kilivyo. La pili ni kukiona kitu hicho akilini wakati hakipo mbele ya macho. Lugha yenyewe huficha tofauti hiyo, kwani watu husema "ninaona" wakiwa na maana ya "ninafahamu". Ndiyo sababu mtu anaweza kuishi miaka mingi akiamini kwamba wanaosema wanaona picha akilini wanatumia tamathali ya usemi tu, kumbe wenzake wanasema jambo la kweli juu ya nafsi zao.

Historia ya uchunguzi

Mtu wa kwanza kulichunguza jambo hili kwa takwimu alikuwa Mwingereza Francis Galton. Mwaka 1880 alichapisha matokeo ya maswali aliyowapelekea watu. Aliwataka waikumbuke meza ya kifungua kinywa ya asubuhi ile, kisha waeleze: je, picha inayowajia ina mwanga au ina giza? Vitu vyote vinaonekana, au vichache tu? Rangi zake ni za kweli? Majibu yalimshangaza. Baadhi ya watu waliona meza yote kama wameikalia. Wengine, wakiwemo wanasayansi, walimjibu kwamba hawaoni picha yoyote.

Kutokana na majibu hayo Galton alisema kwamba wanasayansi kwa kawaida wana uwezo mdogo wa kuona akilini. Mwaka 2006 William Brewer na Marlene Schommer-Aikins walilirudia jambo hilo kwa wanasayansi wa siku hizi, na wakakuta kwamba wengi wao wanaona picha akilini kama watu wengine. Hilo nalo ni funzo: kauli ya mtaalamu mashuhuri haiwi kweli kwa sababu ya umashuhuri wake, na kipimo kinachoweza kurudiwa hakina budi kurudiwa.

Mwaka 1973 David Marks aliandaa orodha ya maswali 16 ya kupima uwazi wa picha za akilini. Anayejibu hutakiwa kufikiria vitu kama uso wa jamaa anayemjua au jua linalochomoza, kisha kuchagua moja kati ya ngazi 5, kuanzia "hakuna picha kabisa" hadi "wazi kama kuona kwa macho". Orodha hiyo inatumika hadi leo.

Jina la hali yenyewe lilichelewa. Mwaka 2010 daktari wa ubongo Adam Zeman na wenzake walieleza habari za mpima majengo mstaafu, mwenye umri wa miaka 65, aliyepoteza ghafla uwezo wa kuona akilini baada ya kutibiwa mishipa ya moyo. Habari hizo zilipoenea, watu 21 walijitokeza na kusema kwamba wao hawakupata kuwa na uwezo huo tangu kuzaliwa. Mwaka 2015 Zeman, akiwa Chuo Kikuu cha Exeter, alichapisha pamoja na wenzake maelezo ya watu hao na kuipa hali hiyo jina la afantasia. Neno hilo limetokana na neno la Kigiriki "phantasia", alilolitumia Aristotle kwa uwezo wa kuwaza kwa picha, na kiambishi "a" chenye maana ya "bila". Upande wa pili wa mizani wako watu wachache wenye picha zilizo wazi mno, karibu sawa na kuona kwenyewe. Hali hiyo huitwa haipafantasia.

Kuhusu idadi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha mwaka 2022 kwamba kati ya watu waliowapima, asilimia 3.9 walikuwa na picha hafifu sana au hawakuwa nazo kabisa. Wasiokuwa nazo kabisa walikuwa asilimia 0.8. Ikiwa hesabu hiyo itachukuliwa kuwa kadirio, darasa la wanafunzi 50 linaweza kuwa na wawili wa namna hiyo. Imeonekana pia kwamba hali hii hutokea zaidi miongoni mwa ndugu wa damu wa mtu aliye nayo.

Ushahidi usiotegemea maneno

Msomaji makini atauliza: itajulikanaje kwamba mtu anayesema haoni picha kweli haoni, na si kwamba anaieleza vibaya? Swali hilo ni la haki, na watafiti wamelijibu kwa kupima mwili wenyewe.

Mboni ya jicho husinyaa mbele ya mwanga mkali na kupanuka gizani. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022, kikundi cha Joel Pearson cha Sydney, Australia, kiliwaomba watu wafikirie maumbo meupe yenye kung'aa, kisha maumbo ya giza. Kwa watu wa kawaida mboni zilisinyaa walipofikiria mwanga, ingawa mbele yao hapakuwa na mwanga wowote. Kwa wenye afantasia hapakuwa na mabadiliko ya namna hiyo. Hata hivyo mboni zao zilipanuka zaidi walipotakiwa kufikiria maumbo manne kuliko walipotakiwa kufikiria umbo moja. Kupanuka huko ni dalili ya akili inayojitahidi. Basi walikuwa wakijaribu kwa dhati, ila picha haikuja.

Kikundi hichohicho kilichapisha mwaka 2021 jaribio jingine, lililohusu kusoma. Watu waliketi katika chumba chenye giza wakasoma hadithi za kutisha, huku vipimo vikionyesha jasho jembamba la ngozi, ambalo huongezeka mtu anapoogopa. Kwa wasomaji wa kawaida jasho liliongezeka kadiri hadithi ilivyoendelea. Kwa wenye afantasia halikuongezeka. Lakini walipoonyeshwa picha za kutisha, wote walionyesha hofu kwa namna inayokaribiana. Kwa hiyo wasioona picha akilini si watu wasio na hisia. Kwa wengine, picha ya akilini huligeuza neno lililoandikwa kuwa hofu mwilini. Kwao daraja hilo halipo.

Jaribio la tatu lilihusu kumbukumbu. Wilma Bainbridge na wenzake waliwaonyesha watu picha za vyumba, kisha wakawataka wavichore kwa kukumbuka. Walioshiriki walikuwa 61 wenye afantasia na 52 wasio nayo. Wenye afantasia walichora vitu vichache zaidi, walitumia rangi kidogo, na mara nyingine waliandika jina la kitu badala ya kukichora. Lakini mahali pa kila kitu walipaweka kwa usahihi uleule wa wenzao, na hawakuongeza sana vitu ambavyo havikuwamo. Pungufu yao iko katika sura na rangi za vitu, wala haiko katika mpangilio wake.

Njia nyingine za akili

Matokeo hayo yanaonyesha kwamba kumbukumbu ni zaidi ya picha. Ubongo hushughulikia sura ya kitu kwa njia moja na mahali pake kwa njia nyingine. Mtu anaweza kukosa ya kwanza akabaki na ya pili ikiwa nzima. Mwanafunzi asiyeweza kuiona akilini njia ya kutoka nyumbani kwao hadi shuleni haipotei njia hiyo. Anajua wapi pa kukata kushoto na umbali gani umebaki.

Yule mpima majengo mstaafu alitoa ushahidi wa namna hiyo. Alipoonyeshwa nyuso za watu mashuhuri, sehemu za nyuma za ubongo wake zinazohusika na kuona zilifanya kazi kama kawaida. Alipotakiwa kuzifikiria nyuso hizo bila kuzitazama, sehemu hizo zilipunguza kazi, na sehemu za mbele zikafanya kazi zaidi. Pamoja na hayo aliweza kufumbua maswali ambayo watu wengine huyafumbua kwa picha.

Wala kukosa picha hakuzuii ubunifu. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa michoro ya kompyuta na rais wa zamani wa kampuni ya filamu za katuni ya Pixar, alitangaza mwaka 2019 kwamba haoni picha akilini. Kazi ambayo watu wengi wangeidhania kuwa haiwezekani bila picha za akilini ameifanya kwa kuchora, kutazama, kurekebisha na kukokotoa.

Kusoma hadithi na tamthilia

Katika somo la fasihi, neno "taswira" hufafanuliwa kuwa picha inayojengwa akilini mwa msomaji kwa maneno. Kwa mwanafunzi mwenye afantasia ufafanuzi huo ni kitendawili. Anaweza kuitambua sitiari, akaieleza, na hata akaitunga yeye mwenyewe, lakini akiulizwa "umeona nini ulipoisoma?" hana jibu la kweli. Ama atanyamaza, ama atabuni.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 na Laura Speed na wenzake uliwalinganisha wasomaji wa hadithi wenye afantasia na wasio nayo. Wenye afantasia walizama katika hadithi kwa kiasi kidogo zaidi, lakini hawakuwa nyuma katika kuzithamini, na desturi zao za kusoma hazikutofautiana na za wenzao. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kupenda vitabu. Huenda akavutwa zaidi na mwendo wa visa, hoja, mazungumzo na utamu wa lugha, na akaziruka aya ndefu zinazoeleza mandhari.

Mfano mzuri ni tamthilia ya "Kinjeketile" ya mwaka 1969, ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa. Tamthilia hujengwa kwa kauli za wahusika na migongano ya nia zao. Mwanafunzi asiyeona picha anaweza kuuliza: huyu anataka nini? Kwa nini amejibu hivi? Nani anamwamini nani? Maswali hayo ndiyo moyo wa uhakiki. Darasa likiigiza onyesho moja, kila mmoja huona kwa macho, na hapo tofauti kati ya wenye picha na wasio nazo hupungua sana.

Yafaa pia kukumbuka kwamba taswira si za macho peke yake. Zipo za sauti, harufu, ladha na mguso. Baadhi ya watu wenye afantasia huweza kusikia wimbo akilini. Wengine hata hilo hawaliwezi. Na wengi wa wale 21 walisema kwamba huota ndoto zenye picha. Kumbe kinachokosekana ni uwezo wa kuita picha kwa hiari.

Katika masomo mengine

Katika historia, mwalimu wa Kinjumbi ana hazina karibu. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi wa Julai 1905 huko Nandete, katika Vilima vya Matumbi vya wilaya hiyohiyo, wananchi walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kusema "vuteni picha ya shamba hilo" hakutoshi. Afadhali kuweka mfuatano: amri ya kulima, malipo duni, mkusanyiko wa watu, kung'olewa kwa mche wa kwanza, jibu la utawala wa Kijerumani. Mfuatano wa sababu na matokeo hukaa katika kila akili, yenye picha na isiyo nayo. Wazee wanaposimulia habari hizo huzishikilia kwa mpangilio wa matukio, majina ya mahali na maneno yaliyosemwa.

Habari za Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331, hufundishwa vema kwa ramani ya magofu: msikiti mkuu uko wapi, Husuni Kubwa iko wapi, pwani iko upande gani. Mwanafunzi mwenye afantasia huenda akaishika ramani hiyo sawasawa na wenzake, kwa kuwa ni habari za mahali.

Katika biolojia, ukubwa wa Giraffatitan, dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, haufahamiki kwa kuambiwa "fikirini mnyama mkubwa". Kiunzi chake kilichoko Berlin kina kimo cha zaidi ya mita 13. Wanafunzi wapime kamba ya mita 13, wainyooshe uwanjani, waitembee kwa miguu. Somo la namna hii linawafaa wote.

Katika hisabati, maumbo yenye pande tatu yaundwe kwa vijiti, udongo au karatasi ngumu, yazungushwe mkononi. Kulizungusha umbo akilini ni njia mojawapo tu ya kupata jibu.

Makosa ya kuepuka

La kwanza ni kuwagawa wanafunzi katika "wanaojifunza kwa macho" na "wanaojifunza kwa masikio", kisha kila kundi likafundishwa peke yake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake waliupitia ushahidi wa mafundisho ya namna hiyo, wakakuta kwamba hautoshi kuyahalalisha. Mwenye afantasia anahitaji michoro ubaoni kama wengine, na pengine zaidi yao, kwa sababu mchoro ukifutwa hana nakala yake akilini.

La pili ni kuifanya afantasia kuwa sababu ya kila kushindwa. Mwanafunzi aliyefeli kwa kutosoma amefeli kwa kutosoma.

La tatu ni kumwita mtoto mbele ya darasa kuwa yeye "haoni". Maswali juu ya picha za akilini yaulizwe kwa namna isiyomwaibisha mtu, na majibu yasiwe ya kupewa alama.

Mwongozo kwa mwalimu

(a) Badala ya "vuteni picha", sema "fikirini" au "elezeni". Amri hiyo hutimizwa na kila mmoja kwa njia yake.

(b) Acha mchoro ubaoni mpaka mwisho wa kipindi.

(c) Katika insha, ukubali kwamba maelezo mazuri ya mandhari yanaweza kutokana na kutazama na kuandika papo hapo. Wapeleke wanafunzi nje, waandike wanachokiona.

(d) Katika fasihi, uliza "neno hili limefanya kazi gani?" pamoja na "umeona nini?"

Mwongozo kwa mwanafunzi

Vitabu vingine vya mbinu za kukumbuka humtaka msomaji ajenge nyumba akilini na kuweka jambo moja katika kila chumba. Mbinu hiyo ikishindikana, zipo nyingine. Panga mambo kwa sababu na matokeo. Chora kwa mkono wako. Soma kwa sauti na urudie, kama watoto wa pwani wanavyohifadhi masomo yao chuoni kwa sauti na mahadhi. Zaidi ya yote, funga kitabu ujiulize maswali. Jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006 lilionyesha kwamba baada ya juma moja, waliojipima kwa kukumbuka walibakiwa na mengi zaidi kuliko waliorudia kusoma tu. Mbinu hii haihitaji picha yoyote.

Mazoezi na maswali

1. Bila kumtazama mnyama yeyote, eleza tofauti kati ya mkia wa mbuzi na mkia wa kondoo. Kisha andika kwa sentensi mbili jinsi ulivyolipata jibu. Linganisha maelezo yako na ya wenzako wanne.

2. Chora kwa kukumbuka ramani ya njia utokayo nyumbani hadi shuleni. Kagua usahihi wake siku inayofuata. Je, ulikosea zaidi katika mahali pa vitu au katika sura zake?

3. Eleza kwa nini kipimo cha mboni ni ushahidi wenye nguvu zaidi kuliko maneno ya mtu peke yake. Je, kupanuka kwa mboni walipofikiria maumbo manne kulithibitisha nini?

4. Galton alikosea alipowasema wanasayansi wote kwa jumla. Taja mambo mawili yanayoweza kumfanya mtafiti afikie hitimisho lisilo sahihi kutokana na majibu ya maswali.

5. Chagua aya moja ya maelezo ya mandhari katika kitabu mnachosoma darasani. Ieleze kazi yake katika hadithi bila kutumia maneno "picha", "kuona" wala "taswira".